Mto chini ya Goti la Shangazi

Wa kwanza kunipokea Birmingham alikuwa fahali wa chuma. Nilishuka stesheni ya New Street nimevaa makoti mawili na bado natetemeka, nikainua macho: dude la mita 10 linageuza shingo taratibu na kuniangalia. Lilitengenezwa kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022, sasa makazi yake ni humo stesheni. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Shangazi anakaa Small Heath, mtaa ambako sambusa za Wasomali hazikosekani. "Shikamoo shangazi." Akaitikia, akanipa mkono wa kushoto. Kwetu Tanga hilo ni tusi. Kisha nikauona wa kulia: umejikunja kifuani, vidole vimefumba kiganja kama mtoto aliyeficha senti. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi minne nyuma.

Ilikuwa Januari, magharibi ikaingia saa kumi na nusu, nikabaki nimeduwaa dirishani. Usiku nikafanya nilivyolelewa: nikamlaza chali, nikamwekea mto mnene chini ya goti apumzike. Akashusha pumzi, akaniombea dua ndefu.

Kesho yake saa nne asubuhi mtaalamu wa fiziotherapia akabisha hodi. Nyumbani! Begi mgongoni, kama ustadhi anayefuata watoto majumbani. Binti wa rika langu, akamwita shangazi kwa jina lake kavukavu, bila mama wala bibi. Nikakunja uso. Shangazi wala hakujali, alishazoea.

Binti akauona mto. Akauchomoa.

Akanieleza kwa upole, huku mimi nikiona aibu. Msuli unaokaa umejikunja siku nyingi hufupika. Mfuko unaozunguka kiungo nao hukaza, na kano hufuata. Baada ya kiharusi ubongo haushiki tena hatamu, misuli ya kukunja hubaki imevuta tu. Mto wangu ulikuwa unalifundisha goti kukaa limepinda. Nikakumbuka bawaba za milango yetu ya pwani: usipoufungua mlango, chumvi itaufunga kwa niaba yako.

Nikamkumbuka na bibi. Alipopata kiharusi tulimlaza, tukamlisha, tukamnywesha, hatukumwacha ainue hata kijiko. Mtaa mzima ulitusifu. Goti lake likakakamaa, na hata siku ya kumwosha lilikataa kunyooka.

Mkono wa shangazi ulivishwa banzi usiku na kuchomwa sindano ya botulinum, ileile wanayochomwa mastaa usoni kuondoa makunyanzi. Hulegeza msuli kwa miezi kama mitatu hivi. Wengine hufungwa plasta ngumu, inabadilishwa kila baada ya siku kadhaa, kila mara kiungo kikinyooshwa kidogo zaidi. Ikishindikana, kisu: kano hurefushwa. Mimi nilidhani dawa ni kuvuta tu, kama mkandaji wa kwetu. Binti akatikisa kichwa. Mwaka 2017 watafiti walijumlisha majaribio mengi wakaona kunyoosha peke yake, hata kwa miezi, hakuongezi mwendo wa kiungo kwa kiasi cha maana. Alichotaka ni shangazi ageuzwe, akae, asimame, na mkono upewe kazi.

Jirani, mzee wa Kiingereza, naye alikuja na vidole viwili vimepinda, cha pete na cha mwisho. Nikampa pole ya kiharusi. Akacheka. Wake ni ugonjwa wa Dupuytren, uliobeba jina la daktari wa Kifaransa wa karne ya 19. Tishu za kiganja hunenepa zikawa kama kamba chini ya ngozi. Huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Aliweka kiganja mezani, hakikulala. Shangazi akaweka chake. Wakatazamana kama wachezaji wa karata wenye mkono mbaya.

Siku ninaondoka goti lilikuwa limelala sawa kitandani. Kiganja bado, ila kidole cha shahada kilifunguka kiasi cha kuning'iniza tasbihi.

Ewe uliye na mgonjwa wa kiharusi, Tanga au popote, uliza fiziotherapia ya hospitali ya mkoa wiki hiyohiyo. Usingoje apate nguvu kwanza.