Vyetezo vya Bibi

Mimi ni karani wa parokia huku Pemba, na kabla ya hapo nilisomea ualimu chuoni. Mtu wa namna hiyo hupenda kufundisha hata asipoulizwa. Ndivyo nilivyomponza jirani yangu, bibi mmoja mfinyanzi.

Mwaka jana binti yake aliyeolewa Maskati aliagiza vyetezo 12 vya kuchomea udi kwa ajili ya arusi ya mjukuu. Bibi ni mzee, mikono imeanza kutetemeka. Kazi ile ilimchukua mwezi na zaidi. Akataka kuvifunga kama alivyozoea, kwa makumbi na majani makavu ya mgomba. Nikamzuia. Nilikuwa nimemwona fundi akiziba pengo la dirisha kwa povu la kopo, lile linaloumuka kama unga wa maandazi kisha likakauka. Nikanunua makopo mawili, nikapanga vyetezo bokisini, nikavipulizia povu, nikafunga kifuniko kwa nguvu. Bokisi likapanda meli Mkoani, likashuka Unguja, likaruka kwa ndege.

Binti alipiga simu: tisa vimevunjika, na vitatu vizima vimeshikwa na povu hata havitoki. Bibi akasema tu, "Basi, mwanangu, udongo upo."

Kosa lilikuwa langu lote. Povu lile huendelea kuvimba, na likikosa pa kwenda hukandamiza kilicho karibu. Tena hugandishwa na unyevu wa hewa. Katikati ya bokisi lililofungwa hubaki bichi, na chombo hucheza humo. Na vyetezo vyetu huchomwa kwa moto wa wazi, si katika tanuri, kwa hiyo vina vinyweleo, na povu likiingia humo halitoki. Wenye viwanda hutia povu ndani ya mfuko wa nailoni kwanza, likaumuka humo na kufuata umbo la chombo bila kukigusa. Hayo niliyasoma baada ya hasara!

Nilisoma pia habari ya jahazi la karne ya 9, la namna ya Kiarabu, lililogunduliwa mwaka 1998 chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Lilibeba vyombo vya Kichina kama 60,000. Bakuli nyingi zilikuwa zimepangwa kwa mzunguko ndani ya mitungi mikubwa, zimebanana, na baada ya miaka zaidi ya 1,100 nyingi zilitolewa nzima. Nilipomsimulia Bibi hakustaajabu hata kidogo.

Mara ya pili alifunga yeye, mimi nikamshikia. Kwa kuwa forodha za nchi nyingi hukagua majani makavu, tulitumia kanga kuukuu na vipande vya godoro la sponji. Tumbo la kila chetezo lilijazwa kwanza, ndipo kikaviringishwa. Bokisi likatiwa ndani ya bokisi kubwa zaidi, na sponji pande zote, chini nene kuliko juu. Kisha Bibi akalitikisa, akatega sikio. "Kinasema," akaniambia, tukafungua tena. Tulifungua mara tatu.

Safari hii vilikuwa vinane. Mikono yake haikuweza zaidi. Vyote vinane vilifika, kimoja kikiwa na ufa mdogo mdomoni. Binti alituma picha za arusi katika simu yangu. Bibi alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kile chenye ufa wamekiweka wapi.