Kanumba wa Kaka

Kanumba nilimjua kwa masikio. Nyumbani Handeni hatukuwa na TV, na kibanda umiza cha mtaani wasichana hatukuruhusiwa. Kaka ndiye aliyekuwa akirudi usiku, anakaa ukingoni mwa kitanda, ananisimulia filamu nzima, hadi sauti za ngumi anatoa. Mama alikuwa ameshaondoka. Aprili 2012 Kanumba alipofariki nililia siku nzima, kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona akiigiza.

Juzi, badala ya kuandika tasnifu, nilizitafuta YouTube. Ngumi chache mno. Na yule mama wa filamu niliyoipenda kuliko zote, aliyekuwa akirudi mwishoni, harudi.

Nikampigia kaka, yuko Korogwe, shamba la mkonge.

"Ulinidanganya."

Akacheka. "Sasa ungelala, mdogo wangu?"