Kutoka Kitura Kuteremkia Liuli

Anayetaka kuijua Ruvuma aanzie milimani. Kitura ni ya Mbinga, nchi ya Wamatengo na ngoro zao. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Wanawake huyafukia kwa udongo, katikati likabaki shimo la kunasa maji ya mvua yasiondoke na rutuba. Juu ya matuta hustawi maharage na mahindi. Kahawa ndiyo ada ya shule.

Ukiteremka kwenda Mbamba Bay joto linapanda, kisha Ziwa Nyasa hili hapa. Kula ugali wa muhogo kwa usipa wa kukaanga, halafu shika njia ya kaskazini hadi Liuli, bandari yenye mawe ya ajabu. Jiwe mojawapo Wajerumani waliliona kama sanamu ya Misri, wakaiita bandari Sphinxhafen.

Hapo Liuli amezikwa Padri William Percival Johnson wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), misheni ya Kianglikana. Alikuja Afrika 1876, macho yakamharibika karibu apofuke, bado akaendelea kuzungukia vijiji vya ufukweni hadi alipofariki 1928.

Misheni hiyo iliishi kwa sadaka za Waingereza, na waliosaidia kuwalainisha mioyo ni waandishi kama Charlotte Yonge. Mama huyu (1823–1901) hakuwahi kufika Afrika. Maisha yake yote yalikuwa Otterbourne, kijiji cha kusini mwa Uingereza, akifundisha watoto dini na kuandika riwaya. Mapato ya riwaya yake ya 1853, The Heir of Redclyffe, yalisaidia kupata meli ya wamisionari wa Melanesia. Kwangu mimi riwaya zake zina mahubiri kupita kiasi, lakini wasomaji walizigombania, na fedha zikaenda kazini.

Huku kwetu alileta kalamu. Katika kitabu chake cha 1871 kuhusu wamisionari alisimulia habari za Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, aliyekufa kwa homa kando ya mto Shire Januari 1862, baada ya mtumbwi kupinduka na dawa kuzama. Meli za misheni zilikuja ziwani baadaye: Charles Janson, kisha Chauncy Maples, iliyoshushwa majini 1901, mwaka aliofariki Yonge.

Wageni hujazana Mkunazini, Zanzibar, kutazama kanisa kuu la UMCA, wakadhani wamemaliza. Hawajamaliza. Nenda Liuli, nenda kiangazi, na ukifika kanisani omba uonyeshwe kaburi la Johnson.