Jina la Mifupa

Msafiri wa Singida asimamapo mbele ya dinosauri wa Tendaguru, yule mjusi mkubwa wa kale aliyewekwa katika makumbusho ya Berlin, hana budi kuinua shingo, kwani kimo chake ni mita 13. Mifupa yake ilichimbwa katika nchi ya Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi wakaichukua mwendo wa siku nne hadi bandarini. Walakini mwaka 1914 mnyama huyo alipewa jina la Branca, mkuu wa makumbusho. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alikuwa amekufa zamani ndipo mwaka 2007 dinosauri mwingine wa Tendaguru akaitwa kwa jina lake.

Hapo msafiri hukumbuka samaki wa kwao. Ni mdogo, aliishi katika ziwa la kale la Mahenge ya Singida zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, akageuka jiwe. Mwaka 1967 wataalamu walimwita Singida. Popote awekwapo, kwao hutajwa. Jitu la Berlin halina fahari hiyo.

Mifupa haisemi, husema aipaye jina. Basi vijana wa Singida na wajifunze elimu ya mifupa, ili kitakachofukuliwa kesho kipewe jina na wenyewe.