Nilimwita Mvivu, Kumbe Mgonjwa

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima wa korosho katika vijiji vya Newala na Masasi. Mwaka 2017, wakati wa kupulizia salfa, nilifanya kosa.

Kulikuwa na kijana wa miaka 19. Alikuwa hodari. Alfajiri alikuwa tayari shambani na mashine mgongoni, na vipimo vya dawa alivijua kuliko baba yake. Mwaka ule nilimkuta ameketi chini ya mkorosho, majani yamefika magotini. Hakunitazama. Nilimwambia mbele ya mama yake, "Umekuwa mvivu. Mikorosho haijipulizii yenyewe." Nikapanda pikipiki nikaenda zangu.

Sikuuliza neno. Kama ningeuliza, mama angenieleza kuwa kwa miezi mitatu kijana halali usiku. Ameacha kuoga. Ameacha kwenda kwa rafiki zake. Anakataa chakula akisema kimetiwa sumu. Anajibizana na watu wasioonekana.

Niliporudi mwezi wa nane, nilimkuta amefungwa kamba mguuni. Usiku alikuwa amekimbilia bondeni kwa sababu sauti zilimwamuru. Jirani alisema salfa imempanda kichwani. Hapo niliweza kujibu: salfa huwasha macho na kifua, haileti sauti. Wengine walisema amerogwa. Mjomba wake, ambaye kwa desturi ya huku ndiye mwenye neno, alikuwa ameuza mbuzi wawili ili amlipe mganga wa kienyeji.

"Bwana Shamba," aliniambia, "wewe ni wa mikorosho. Hili ni la watu."

"Kweli, mzee," nikajibu. "Basi twende kwa anayejua watu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaifungua kamba yeye mwenyewe.

Hospitalini daktari alipima malaria kwanza. Aliuliza pia habari za bangi na pombe, maana hivyo navyo huvuruga akili. Baadaye alitueleza kuwa ugonjwa huu unaitwa skizofrenia. Mara nyingi huanza ujanani, polepole, na watu hudhani ni kiburi au uvivu.

Alituchorea ubongo. Ubongo una uzito wa kilo moja na nusu hivi, ni laini, una mikunjo mingi. Katikati yake mna vyumba vidogo vyenye maji. Mwaka 1976 huko London, daktari Eve Johnstone na wenzake walipiga picha za ubongo wa wagonjwa 17 walioumwa kwa muda mrefu. Waliona vyumba vile vimepanuka. Baadaye wataalamu wengine waliona mabadiliko madogo hata kwa wagonjwa wapya: nyama ya ubongo imepungua kidogo upande wa mbele na karibu na masikio. Lakini wagonjwa wengi picha zao hazitofautiani na za watu wazima wa afya. Kwa hiyo daktari hategemei picha. Anauliza, anasikiliza, anaangalia.

Zile sauti hutoka ndani ya ubongo wenyewe, lakini mgonjwa husikia kama mtu anazungumza kando yake. Hadanganyi.

Ugonjwa huu upo nchi zote. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wagonjwa wa akili wanatunzwa tangu mwaka 1904, na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu yao. Hilo lilinifurahisha mimi mtu wa jembe.

Dawa zilimtetemesha kijana mikono. Mama akataka kuziacha. Walirudi hospitali, kipimo kikapunguzwa, akaendelea.

Msimu uliopita alipulizia mikorosho 40, mjomba akimbebea mfuko wa salfa. Sauti hazijaisha zote. Zikija, huwasha redio akaendelea na kazi. Nilimwomba radhi kwa neno lile la uvivu. Alinijibu kwamba siku ile hakunisikia. Wengine walikuwa wakizungumza kwa nguvu zaidi.