Kwa Matatu hadi Hori ya Mida

Baada ya swala ya Alfajiri tulipanda matatu ya Malindi mjini Mombasa, tukamwomba makanga atushushe Mida, kabla ya Gede. Kutoka barabara kuu hadi hori ni mwendo wa miguu, wala watoto hawakunung'unika.

Msomaji aulizie kwanza majira ya maji. Yakipwa, ndege hutawanyika mbali matopeni. Yakianza kujaa, husogea karibu na mikoko, lilipo daraja la mbao la kuning'inia. Hapo tuliwaona wale weupe wenye migongo myeusi na midomo minene, walao kaa. Huzaliana katika fukwe za Oman na Ghuba, wakitaga ndani ya mashimo wayachimbayo mchangani, kisha hutujia kwa kaskazi, kama walivyokuwa wakija manahodha wa majahazi.

Ada ya daraja husaidia karo za wanafunzi wa vijiji jirani. Kwa hiyo mkoko ukatwapo, hasara haiishii kwa ndege.

Jioni matatu tatu zilitupita zimejaa. Mwenye watoto wadogo asingoje Magharibi. Na achukue maji ya kunywa, na darubini, hata ya kuazima.