SEHEMU YA 6: Sindano ya mama, kinga ya mtoto

Niliahidi sindano ya pepopunda, na nitaifikia. Ila kwanza kuna swali ambalo akina mama huninong'oneza usiku wodini: "Nesi, hivi hii si adhabu yangu?"

Mtoto kazaliwa njiti, au kapata manjano, au hataki kunyonya. Mama anaanza kujihesabia. Mimba niliipata kabla ya ndoa. Kanisani sijakanyaga miezi. Mama mkwe nilimjibu vibaya. Mwisho anakwambia, "Niombee wewe, mimi sistahili." Mtoto anaumwa na mama yake anaona aibu kumwombea! Hilo huniuma kuliko usingizi ninaokosa.

Ukiwa na Biblia, fungua Yohana 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Basi usijihukumu kwa kosa ambalo Yesu mwenyewe alikataa kuwabebesha wazazi wale.

Sasa sindano. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa vitu visivyo safi. Mtoto hukakamaa, hashiki tena ziwa. Wengi walikufa hivyo. Kwa hiyo kliniki tunakuchoma wewe mjamzito, begani. Wewe ndiye unayeumia mkono, mwili wako ndio unaotengeneza kinga, kisha kinga hiyo inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Anazaliwa nayo tayari. Hajalia, hajanyonya, hajafanya chochote, lakini kinga iliyo mwilini mwake ni yake kabisa, ingawa maumivu yalikuwa ya mtu mwingine.

Mimi nikisoma Warumi nafikiria mkono wa mama huyo.

Kiswahili chetu hapa kinatuchanganya kidogo. Tukisema "nipe haki yangu," tunadai tulichofanyia kazi. Paulo anasema kinyume chake: katika Warumi 4 anatenganisha mshahara na zawadi. Mshahara unadaiwa, ila haki ya Mungu anahesabiwa mtu anayemwamini, bure, kwa sababu Kristo ndiye aliyeumia. Halafu anamleta Ibrahimu, na hapo ndipo napapenda mimi. Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15, akatahiriwa katika Mwanzo 17. Katikati hapo Ishmaeli kazaliwa na kafikisha miaka 13! Yaani alikubaliwa kwanza, alama ikafuata miaka mingi baadaye. Sisi tunageuza: ngoja nitulie, nifunge ndoa, nirudi kwaya, ndipo Mungu anisikilize.

Najua kuna ndoa nyingi hapa za Mkatoliki na Mlutheri, na jambo hili liliwahi kuwagawanya vibaya sana wakubwa zetu. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, pande hizo mbili zilitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa mastahili yetu. Msigombane mezani.

"Kwa hiyo nesi, nitende nitakavyo?" Hapana jamani, Paulo aliulizwa hilo hilo na Warumi 6 yote ni jibu lake. Hata mtoto, akifika wiki ya 6, chanjo yake mwenyewe ya pepopunda inaanza na mwili wake unajifunza kupigana. Ila hapo mfano wangu unaishia, maana kinga ya mama hupungua baada ya miezi, na haki aliyokupa Kristo haipungui siku uliyochoka ukamfokea mtoto.

Kwa hiyo mama uliyelala pembeni ya kitanda cha mtoto usiku huu, huna haja ya kunitafuta mimi nikuombee. Weka mkono wako juu yake, sema maneno yako mawili matatu. Dawa ya saa kumi na mbili usiipitishe, na akikataa kunyonya, au akiwa wa moto, au wa baridi, mwite nesi wa zamu hapo hapo, usiogope kutuamsha.

Sehemu ya 7 ni Alhamisi: kitovu, na kwa nini hatupaki kitu bila kuelekezwa na mhudumu wa afya.